BARUA ZA SHAMBA ZILIZOANDIKWA KABLA YA VITA
Hotuba kwa watu wa Migori na Homa Bay



Vita Kuu vya kwanza vilianza kwetu tarehe 4 Agosti 1914, na vya pili tarehe 3 Septemba 1939. Tarehe hizo zimo katika vitabu vya shule, na mtoto yeyote aliyesoma azijua. Lakini mkulima wa Karungu au wa Kendu ana kalenda yake mwenyewe. Kwake yeye, Agosti na Septemba ni wakati ambapo mavuno ya mvua ndefu, yaani chwiri, yamekwisha kuanikwa na yanatiwa ghalani, na mbegu ya mvua fupi, yaani opon, inatafutiwa udongo. Basi vita vyote viwili vilibisha hodi wakati watu wa mji walipokuwa wakihesabu mtama wao na kuugawa: huu wa kula, huu wa kuuza ili kodi ilipwe, huu wa mbegu.

Jambo ninalotaka kuwaeleza leo linatokana na hesabu hiyo. Watu waliokuwa mbali na nyumbani walishiriki katika hesabu hiyo kwa barua. Waliandika juu ya mbegu, juu ya jembe, juu ya mihogo iliyo nyuma ya nyumba, juu ya mpaka wa shamba na jirani. Barua hizo zadhaniwa na wengi kuwa ni karatasi za bure. Mimi nasema kwamba ndizo ushahidi ulio bora kuliko wote wa mambo ambayo watu wetu walikuwa nayo mkononi siku vita vilipokuja, na ya kwamba zikiachwa ziliwe na mchwa tutakuwa tumepoteza kitu ambacho hakuna ofisi iwezayo kuturudishia.

BARUA ZILIFIKAJE KWETU

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi barua zilivyoanza kutembea katika sehemu hizi. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali paitwapo Kisumu sasa, mwezi wa Desemba 1901. Baadaye meli zikaanza kuzunguka ziwa, na miongoni mwake ilikuwako Winifred. Meli hizo zilitia nanga Kendu, Homa Bay na Karungu, zikachukua abiria, ngozi na simsim, na pamoja na mizigo hiyo mfuko wa barua. Karungu, ambayo leo imo katika Kaunti ya Migori, ndiyo iliyokuwa makao ya Serikali ya wilaya yote kabla ya makao hayo kuhamishiwa Kisii.

Lakini mfuko wa barua wahitaji watu wajuao kuandika. Mwaka 1906 wamisionari wa Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu. Waliokuja ni Arthur Carscallen, mtu wa Canada, pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, nchi ambayo leo yaitwa Malawi. Misheni nyingine zilifuata, pamoja na ile ya Wakatoliki ya Asumbi. Vijana wakafundishwa kusoma kwa Kijaluo, na haikupita miaka mingi Gendia ikawa na mtambo wake wa kupiga chapa.

Hata hivyo, mwaka 1914 watu waliojua kalamu walikuwa wachache sana. Habari nyingi za shamba zilikwenda kwa kinywa. Mtu akitoka Kisumu kurudi Rusinga alibeba maneno ya watu kumi: mwambie mama hivi, mwambie kaka vile. Barua zilizoandikwa wakati ule na kubaki mpaka leo ni zile za mabwana wa Serikali na za wamisionari, kwa kuwa walikuwa na wino, sanduku la chuma na jamaa waliotunza karatasi. Jambo hili msilisahau, maana nitalirudia.

MWAKA 1914 KATIKA MPAKA

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari utakaogawa nchi zao, na mstari huo ukafika ziwani kusini ya Karungu. Upande wa pili ilikuwako boma ya Wajerumani ya Shirati. Mstari ulichorwa na watu waliokuwa mbali. Wajaluo walikuwa pande zote mbili, na Wakuria vivyo hivyo. Mtu wa Kadem aliweza kuwa na shemeji kule Shirati, akaenda kumsalimu, akarudi na mbegu ya mtama aliyoipenda, bila kufikiri kwamba ametoka ufalme mmoja na kuingia mwingine.

Mwezi wa Agosti mwaka ule mstari huo ukawa mpaka wa vita. Mwezi uliofuata majeshi ya Wajerumani yalivuka, yakaingia Kisii. Askari wa K.A.R. waliletwa kwa meli mpaka Kendu, wakapanda milima kwa miguu, na tarehe 12 Septemba 1914 kukawa na mapigano makali hapo Kisii, hata Wajerumani wakarudi walikotoka. Karungu nayo ikaona meli za vita zikifukuzana mbele ya ghuba yake.

Fikirini sasa juu ya mwanamke aliyekuwa na shamba kati ya Kendu na Kisii siku zile. Mtama wake umo ghalani. Mbegu ya opon imefungwa katika kibuyu na kutundikwa juu ya moshi wa jiko, isiliwe na wadudu. Mara majeshi yapita, na baada ya majeshi waja watu wa kuandika wapagazi. Mwaka 1915 ilitungwa sheria iliyoruhusu wapagazi kuandikwa kwa lazima. Maelfu mengi ya watu wa Nyanza walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi mpaka mbali kusini, nchi ambayo leo ni Tanzania. Mitaa ya Kariokor huko Nairobi na Kariakoo huko Dar es Salaam ilipata majina yake kutokana na kikosi hicho. Wengi hawakurudi, na walioangamia kwa magonjwa, hasa ya kuhara, walikuwa wengi kuliko walioangamia kwa risasi.

Wapagazi hao walikuwa wakulima. Kila mmoja aliacha shamba lenye hesabu yake. Je, alimwambia nani mahali alipoficha mbegu? Nani aliagizwa kuziba ghala linalovuja? Mambo hayo yalisemwa kwa haraka mlangoni, na waliosema na waliosikia wote wamekwisha kufa. Katika daftari za Serikali twaweza kupata idadi ya wapagazi, uzito wa mzigo wa kila mtu na kiasi cha posho. Neno ambalo mume alimwambia mkewe juu ya shamba asubuhi ile halimo.

MIAKA ILIYOTANGULIA 1939

Kati ya vita viwili mambo yaligeuka. Shule ziliongezeka. Kodi iliwalazimu vijana wengi kutoka nyumbani kutafuta mshahara: katika mashamba ya chai ya Kericho, katika bandari ya Mombasa, katika nyumba na ofisi za Nairobi, katika mashamba ya mkonge, na baada ya dhahabu kuonekana Nyanza katika miaka ya 1930, katika machimbo kama ya Macalder huko Nyatike. Kijiji kikawa na watu wawili wa maana mpya: kijana ajuaye kuandika barua, na kijana ajuaye kuisoma kwa sauti. Mara nyingi alikuwa ni mtoto yule yule wa shule, akaitwa mji huu leo na mji ule kesho. Hivyo barua ya mume kwa mkewe ilisikiwa na mama mkwe, na jirani, na watoto waliokaa kizingitini. Mwandishi alilijua jambo hili, akachagua maneno yake.

Mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilianza kutumia stempu za pamoja, na mojawapo ilikuwa na picha ya jahazi likisafiri katika Ziwa letu. Huenda baadhi yenu mmeiona juu ya bahasha ya babu.

Shamba nalo liligeuka. Nzige walikula mazao mwaka 1931, na watu wakajifunza kwamba mhogo ulio chini ya udongo huokoka pale ambapo mtama umebaki mabua matupu. Serikali ilihimiza mihogo kuwa akiba ya njaa, na pamba kuwa zao la fedha. Mahindi yalizidi kuenea, na plau ikaonekana katika miji ya wenye ng'ombe wa kukokota. Nyuma ya nyumba bustani ya mama, ile iitwayo orundu, iliendelea kama zamani: kunde, mgagani, mnavu, mrenda, na shina mbili tatu za mhogo kando ya ua wa mnyaa.

Hayo yote yalihitaji maagizo, na mwenye kuagiza alikuwa yuko mbali.

MFANO WA BARUA MOJA

Ili tuelewane, nimetunga mfano wa barua kama ambayo mtu wa Karungu afanyaye kazi Mombasa angeweza kumwandikia mkewe mwezi wa Agosti 1939. Mfano huu ni wangu, nao sikuutoa katika sanduku la mtu yeyote. Mke ametoka Kadem, kwa hiyo mumewe amwita kwa heshima kama wafanyavyo Wajaluo, nyar Kadem, yaani binti wa Kadem.

"Kwako nyar Kadem. Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima, hofu ni kwenu. Nisalimie baba na mama, na wote wa mji. Baada ya salamu, nimepata barua yako, nimefurahi kusikia mtama umejaa ghala. Usiuze wote kwa sababu ya kodi. Kodi nitatuma mwisho wa mwezi. Weka debe moja la mbegu, ile ya Ochuti, usichanganye na nyingine. Mihogo ipande upande wa chini, karibu na mnyaa, ili jirani asiseme tumepita mpaka. Mvua ya opon ikianza, mngoje kwanza mama atoe mbegu, kisha mke wa kaka, ndipo wewe. Nimeomba ruhusa ya siku saba. Huku watu wanasema kutakuwa na vita Ulaya, lakini sijui. Nisipofika kabla ya mvua, mwulize baba ifanyike namna gani. Jembe lililovunjika lipeleke kwa fundi. Wasalamu."

Tuisome barua hii polepole. Neno la vita limo, lakini ni sentensi moja, nalo limekaa kati ya ruhusa ya siku saba na jembe lililovunjika. Mtu asiyejua mambo yetu angesema mwandishi huyu alikuwa mjinga wa mambo ya dunia. La, sivyo. Mwandishi ameliweka neno la vita mahali pake hasa. Alitaka kujua kama atapata ruhusa ya kwenda kupanda, na vita ndivyo viwezavyo kumzuia.

Kwa nini kwenda kupanda kulikuwa jambo zito namna hii? Wazee wanajua, lakini vijana wetu wa mjini yafaa waelezwe. Kwa desturi ya Wajaluo, mbegu haitolewi ovyo. Tendo la kuitoa laitwa golo kodhi, nalo lina utaratibu wake: mkubwa hutangulia na mdogo hufuata. Katika mji wenye wake wengi, mke wa kwanza, mikayi, huanza, na wengine humfuata kwa zamu zao. Wake wa wana nao hungoja mpaka mji wa baba umekwisha kuanza. Mwenye mji sharti awepo. Akikosekana, kazi yote yaweza kusimama huku mawingu yakipita. Mke aliyepanda kabla ya zamu yake, au bila idhini, alihesabiwa kuwa ameuvunja utaratibu wa mji, na msiba ukitokea baadaye watu walimkumbuka.

Basi karatasi ile ilikuwa na uzito. Iliposomwa mbele ya wote, baba mzee alisikia kwamba mwanawe amemwachia neno. Mama mkwe alisikia kwamba heshima yake imelindwa. Jirani alisikia juu ya mnyaa na mpaka. Naye nyar Kadem akapata kitu alichokihitaji kuliko vyote: njia ya halali ya kutia mbegu yake udongoni hata mumewe asiporudi.

VITA VILIPOKUJA

Tarehe 1 Septemba 1939 Wajerumani waliingia Poland, na siku mbili baadaye Uingereza ikatangaza vita. Katika miaka iliyofuata karibu watu 98,000 wa Kenya waliingia jeshini. Walipigana Somalia na Ethiopia mwaka 1941, wakaenda Madagascar mwaka 1942, na hatimaye Burma. Barua zao zilipita mikononi mwa wachunguzi wa jeshi, waliozifungua na kuzisoma ili kujua fikira za askari. Mambo ya nyumbani yalikuwa mengi ndani yake: hali ya mke na watoto, hali ya ng'ombe, na kama shamba la baba lingali salama. Yasemekana kwamba askari huota ushindi, lakini askari wengi waliota nyumbani.

Huku nyuma kazi ya wanaume ikawaangukia kina mama. Mwaka 1942 mvua zilipungua katika sehemu nyingi za Kenya. Serikali ikachukua usimamizi wa biashara ya mahindi, na mwaka 1943 upungufu wa chakula ukawa mkubwa hata tume ikaundwa kuuchunguza. Hapo mji uliokuwa na mihogo kando ya mnyaa ulikuwa na jambo la kumshukuru Mungu, na mji uliokuwa umeuza mtama wote ulijuta. Maneno madogo yaliyoandikwa kabla ya vita, weka debe moja, usiuze wote, panda mihogo, yaliweza kuwa ndiyo tofauti kati ya mtoto aliyelala ameshiba na mtoto aliyelala analia.

Ndiyo sababu nasema barua za kabla ya vita zina thamani ya pekee. Mtu aandikaye katikati ya shida hujua tayari shida imekuja, naye huchagua maneno ya kuonyesha subira au malalamiko. Lakini yule aliyeandika mwezi wa Agosti hakujua. Alionyesha maisha kama yalivyokuwa kabla hayajaguswa, pamoja na mipango ya mwaka ujao ambao haukuja kama alivyoutazamia.

WENGINE WAMETUNZA ZA KWAO

Hebu tutazame nje ya sehemu zetu. Mwezi wa Januari 1914 mwanamke wa Denmark aitwaye Karen Blixen alifika Kenya, akakaa chini ya vilima vya Ngong katika shamba la kahawa. Kwa miaka kumi na saba aliwaandikia mama yake na ndugu zake juu ya shamba lile, mvua yake, ukame wake, watu wake na hasara zake. Jamaa zake walizitunza barua hizo. Mwaka 1978, naye amekwisha kufariki tangu 1962, zilichapishwa kuwa kitabu, na leo mtu akitaka kujua mwaka 1914 ulikuwaje katika shamba moja la Kenya aweza kukifungua.

Sina neno la ubaya juu ya jambo hilo. Alipenda kuandika, na jamaa zake walipenda kutunza. Wote walifanya vema. Lakini ni haki kuuliza: shamba la kahawa la Ngong lina kitabu, je, shamba la mtama la Karungu lina nini? Mwaka ule ule, mvua ile ile, vita vile vile. Tumekwisha kuona kwamba za 1914 hatuna, kwa sababu wengi hawakuwa na kalamu. Kwa za 1939 hatuna udhuru huo. Ziliandikwa. Zilifika. Zilisomwa kwa sauti mlangoni. Kisha zikakunjwa na kuchomekwa katika nyasi za paa, au katika kurasa za Biblia, au katika kisanduku cha bati chini ya kitanda. Baadhi yake zimo humo hata leo, na wajukuu wanaorithi nyumba hufagia na kuchoma.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Barua za wazee wetu ndizo daftari zao.

FAIDA YAKE KWETU LEO

Huenda mtu akauliza: faida gani? Mtama umekwisha kuliwa, wenyewe wamekwisha kufa. Nitajibu kwa mambo matatu.

Jambo la kwanza ni mbegu. Katika barua za zamani yamo majina ya mbegu za kienyeji, kama Ochuti na Andiwo, na habari za ni ipi iliyovumilia jua na ipi iliyopendwa na ndege. Katika siku hizi ambapo mvua za chwiri na opon hazifuati tena kalenda ya babu zetu kama zamani, mkulima na mtaalamu wa kilimo wote wawili wana haja ya habari hizo.

La pili ni ardhi. Barua isemayo kwamba mihogo ilipandwa upande wa chini karibu na mnyaa, nayo ina tarehe, yaweza kuwakumbusha ndugu mambo ambayo hasira imewasahaulisha. Sisemi kwamba karatasi hiyo itamaliza kesi. Hayo ni ya mabaraza na mahakama. Lakini ugomvi mwingi wa mpaka huota pale ambapo hakuna akumbukaye.

La tatu ni heshima ya kina mama. Katika taarifa za wilaya mwanamke hutajwa kwa nadra, na pengine hutajwa kama idadi tu. Katika barua ya shamba yeye ndiye anayeandikiwa. Yeye ndiye mwenye ghala, mwenye mbegu, mwenye uamuzi wakati mawingu yanapojikusanya. Mtu akitaka kuandika historia ya kweli ya Homa Bay na Migori wakati wa vita, bila barua hizo ataandika historia ya nusu ya watu.

NAMNA YA KUZITUNZA

Sasa nitaeleza mambo machache ya kufanya, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kabla ya kubomoa nyumba ya mzee au kuchoma vitu vyake, tazameni katika paa, katika vitabu na katika masanduku. Karatasi yoyote yenye mwandiko iwekwe kando mpaka imesomwa.

Pili, msizibandike kwa utepe wa gundi, wala msizigandishe ndani ya plastiki kwa moto. Gundi huila karatasi, na iliyogandishwa haiwezi tena kutolewa. Zikunjueni taratibu, mzitie katika bahasha safi, na bahasha katika sanduku la bati lililoinuliwa juu ya mawe, mbali na unyevu na mchwa. Bahasha ya zamani nayo msiitupe, kwa maana muhuri wa posta waonyesha mahali na siku.

Tatu, wakati wazee wangaliko, someni barua pamoja nao. Ulizeni nyar Kadem alikuwa nani, shamba la chini li wapi, fundi wa majembe alikaa wapi. Andikeni majibu katika daftari jingine, na tarehe. Msiandike juu ya barua yenyewe.

Nne, pigeni picha ya kila ukurasa kwa simu, na nakala iwekwe kwa ndugu wawili au watatu wakaao mbalimbali. Nyumba moja ikiungua, nyingine itabaki.

Tano, jamaa wakikubaliana, wanaweza kuwauliza watu wa Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Nairobi, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1965, juu ya kuweka nakala mahali pa salama. Lakini nasisitiza neno hilo, wakikubaliana. Barua ni siri ya nyumba. Yaweza kuwa na maneno ya ugonjwa, ya deni, ya ugomvi wa mume na mke. Mtu mmoja asichukue barua za bibi yake na kuzitangaza kwa watu kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma. Kama mwenyewe yu hai, neno lake ndilo la mwisho.

Na sisi wa leo je? Siku hizi kijana wa Mombasa humpigia mkewe simu. Humwambia weka mbegu, usiuze yote, na fedha ya mbolea hufika papo hapo kwa simu hiyo hiyo. Ni jambo jema, na hakuna mtu mwenye akili atakayetaka kurudi kungoja meli Karungu. Lakini maneno ya simu hupotea hewani kama yalivyopotea maneno ya wapagazi wa mwaka 1914. Kwa hiyo nawashauri kila mji uwe na daftari moja la shamba. Aandike mama, au mtoto wa shule kwa niaba yake: siku mvua ilipoanza, mbegu iliyopandwa na ilikotoka, nani alianza na nani alifuata, madebe mangapi yaliingia ghalani. Mstari mmoja kwa siku ya kazi watosha. Hakuna ajuaye ni mwaka upi ambao wajukuu watataka kuuliza habari zake.

Mvua ya opon haiko mbali. Kabla ya kushika jembe, mpandisheni mtoto mwepesi darini atazame kama kuna karatasi iliyochomekwa pale. Naye asome kwa sauti, wote wakisikia.